Verna Mae Stuckey na Popo wa Kwenye Jalada

Walioshika ratiba ya mazishi wataona kwamba kurasa zake za ndani zina wasifu wa Marehemu Verna Mae Stuckey, aya saba na picha ya harusi. Wasifu ule Marehemu aliuandika mwenyewe mwaka 2011, akiwa na afya njema, akautia kwenye bahasha ya kaki pamoja na maelekezo. Aliacha nafasi tatu tu za kujazwa: tarehe, mahali na ugonjwa. Pembeni aliweka alama za penseli kumwonyesha msomaji apumue wapi. Huu unaosomwa sasa si ule. Umeandikwa jana mchana na binti yake Jolene, kwenye meza ya jikoni ya Marehemu. Kaka yake Jolene, Curtis, ambaye kwa sasa bila shaka ameanza kuinuka pale kiti cha mbele, anaombwa aketi.

Tutaanza alipoanza yeye. Verna Mae alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Machi 1939, kwenye shamba la mahindi la wazazi wake, Otto na Hulda Wenger, maili nne kaskazini mwa hapa Nettle Fork, Ohio. Alikuwa wa kwanza kati ya mabinti wawili. Mdogo wake, mama mdogo Arlene, anasema kumbukumbu yake ya kwanza duniani ni sauti ya dada yake. "Verna ndiye aliyenifundisha kutembea," Arlene huwaambia watu, "halafu akamwita mama aje aone navyotembea vibaya." Arlene husema hivyo akicheka. Amekuwa akicheka kwa miaka sabini na mitano, na bado anatembea akiangalia miguu yake.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapa hapa mjini, akamaliza mwaka 1957 akiwa wa pili katika darasa la wanafunzi thelathini na mmoja. Bahasha inasema "alimaliza kwa heshima." Kilichoachwa ni kwamba aliomba kuona karatasi ya mtihani ya yule aliyekuwa wa kwanza, akaipitia mstari kwa mstari, akalipata kosa ambalo mwalimu hakuliona, akalipeleka kwa mwalimu mkuu. Matokeo hayakubadilishwa. Kijana yule alifariki mwaka 2003, na Marehemu alipotoka kumzika alimwambia Jolene ndani ya gari, "Lilikuwa swali la tisa." Baada ya sekondari alisoma ualimu miaka miwili, akarudi nyumbani na cheti, mkasi wake mwenyewe, na msimamo kwamba mkasi huo haushikwi na mtu mwingine.

Alifunga ndoa na Dale Stuckey wa maghala ya nafaka, Jumamosi ya tarehe 17 Juni 1961, ndani ya kanisa hili. Dale alikuwa na woga wa kusimama mbele za watu. Mchungaji wa wakati huo hajamaliza hata nusu ya swali, Dale akaropoka, "Ndiyo!" Kanisa zima likaangua kicheko, na Dale naye akacheka. Bibi harusi hakucheka.

"Mchungaji," alisema, "rudi mwanzo."

"Binti yangu, si kitu, Bwana ameshasikia."

"Amesikia vibaya. Rudi mwanzo."

Mchungaji akarudi mwanzo. Dale alikuwa akisimulia kisa hicho kila mwaka, na watu walikipenda kwa sababu yeye alikipenda. Alikuwa mtu mpole sana. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 3 Mei 1994, akiwa ameketi, sahani iko mbele yake, na hakuna aliyelazimika kumrudisha mwanzo. Walijaliwa watoto wawili: Curtis, mwaka 1963, na Jolene, mwaka 1966.

Sasa tufike kwenye kazi, maana ndiyo iliyowaleta wengi wenu hapa. Septemba 1968 Marehemu alifungua shule ya awali ya Vidole Vidogo, kwenye ghorofa ya chini ya kanisa hili, chini kabisa ya miguu yenu. Alifundisha watoto wa miaka mitatu hadi mitano kwa miaka thelathini na minane, mpaka alipostaafu Juni 2006. Alifundisha rangi, herufi na kunawa mikono. Lakini mkimtaja Mwalimu Verna hamsemi herufi. Mnasema Halloween, ile sikukuu ya mizuka ya mwisho wa Oktoba.

Kila Oktoba watoto wa Vidole Vidogo walitengeneza mapambo yale yale manne. Kulikuwa na boga la sahani ya karatasi, linapakwa rangi ya chungwa na kubandikwa macho ya pembetatu. Kulikuwa na buibui, naye ni sahani, ila nyeusi, mwenye miguu ya waya laini wenye manyoya. Kulikuwa na mzuka wa unyayo: mtoto anapakwa rangi nyeupe chini ya mguu, anakanyagishwa karatasi nyeusi, karatasi inageuzwa kisigino kikae juu, na hapo kisigino ni kichwa cha mzuka na vidole ni pindo la shuka lake. Na kulikuwa na popo, anayetengenezwa kwa kile kibomba cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Unakikunja juu kinatoa masikio mawili, unakipaka rangi nyeusi, unambandika mabawa, macho na meno mawili. Ni kazi ya dakika kumi. Mji mzima ulikuwa ukimwekea vibomba. Mchungaji alivitangaza madhabahuni kuanzia mwezi wa saba, na wapo wazee humu walioleta vibomba kanisani kwa uaminifu kuliko walivyoleta sadaka.

Mapambo yote yalitundikwa kwenye kamba kwa ajili ya Jioni ya Wazazi, Alhamisi ya mwisho ya Oktoba, penye juisi ya tufaha ya moto na maandazi. Nanyi wazazi mlikuja mkashika mashavu. Maboga ishirini na mawili yote macho sawasawa. Popo ishirini na wawili mabawa yamepigwa mstari. "Huyu mwanamke ana kipawa," mlisema. "Watoto wa miaka minne!" Hamkujiuliza. Nyumbani mtoto huyo huyo hawezi kuvaa kiatu kwenye mguu wake, lakini popo wake amenyooka, na ninyi mkala andazi lingine.

Kazi ilifanyika hivi. Kuanzia Septemba Marehemu alikata kila kipande nyumbani, mwenyewe, kwa mkasi wake. Vipande vya kila mtoto viliingia kwenye bahasha yenye jina. Kwenye sahani aliweka vidoa vya penseli kuonyesha jicho linakaa wapi. Kazi ya mtoto ilikuwa kubandika juu ya vidoa. Saa tano na nusu watoto walikwenda nyumbani, na Marehemu alibaki mpaka saa nane mchana, peke yake, akibandua. Chochote kilichopita kidoa kilibanduliwa na kubandikwa upya. Kilichochanika kilitupwa, kikatengenezwa kingine, na jina la mtoto likaandikwa juu yake kwa mwandiko mzuri. Walioweza kuonywa walionywa mbele ya wenzao, kwa sentensi moja ambayo kila aliyepita mikononi mwake anaijua kama anavyojua jina lake: "Hii haiwezi kutundikwa."

Kuhusu mizuka ya unyayo kuna jambo ambalo familia kadhaa zinapaswa kulijua. Mtoto wa miaka mitatu akipakwa rangi ya baridi chini ya mguu hukunja vidole, na mzuka hutoka umechafuka. Marehemu hakuwa na muda wa kupaka mara mbili. Alikwenda nyumbani akamwita Curtis, aliyekuwa na miaka mitano, akamkanyagisha jikoni mpaka idadi itimie. Alifanya hivyo miaka mitatu, hadi mguu wa Curtis ulipokuwa mkubwa kupita kiasi. Familia ya Hostetler, ule unyayo uliowekwa fremu juu ya piano yenu, ambao mama yenu aliulilia mlipoondoka kwenda vyuoni, ni wa Curtis. Familia ya Amstutz, zenu pia ni za Curtis, nyayo zote mbili. Pole sana.

Darasa la mwaka 1970 lilikuwa na Rhonda Pruitt, ambaye yuko hapa leo, safu ya tatu, koti la kijani. Rhonda alikuwa na miaka minne. Siku ya buibui yeye alikuta miguu iliyomwagika mezani, akaibandika yote. Marehemu alisimama nyuma yake.

"Rhonda. Buibui ana miguu mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Nani kakwambia?"

"Huyu ni mama buibui, Mwalimu. Amebeba mtoto mgongoni, mtoto katoa miguu nje."

Wenzake walimwelewa mara moja. Mmoja aliuliza mtoto wa buibui anaitwaje. Marehemu alimchukua buibui, akamshika juu darasa zima limwone, akang'oa mguu mmoja, akang'oa wa pili, akang'oa wa tatu. "Sasa hesabu," alimwambia. Rhonda akahesabu mpaka nane, kwa sauti, na alipofika nane mkojo ulikuwa umeshafika kwenye viatu. Jioni ya Wazazi mama yake Rhonda alisimama chini ya buibui yule mwenye miguu minane akasema, "Jamani, mwanangu anajua kuhesabu!" Marehemu akamjibu, "Sasa anajua."

Jolene alikuwa darasa hilo hilo. Kuwa mtoto wa mwalimu hakukumsaidia. Kulimfanya awe mfano. Boga lake la mwaka ule alilibandika macho yote mawili ndani ya mdomo, kwa sababu alitaka boga lione linachokula. Aliona ni wazo kubwa na alikwenda nyumbani akilifikiria hilo tu. Alhamisi ya tarehe 29 Oktoba alimshika baba yake mkono, akamshusha ngazi hizi, akamvuta mpaka kwenye kamba. Boga lenye jina lake lilikuwa na macho juu, pua katikati, mdomo chini. Dale hakujua lolote, maskini. Alilishusha, akalipeleka nyumbani, akalibandika kwenye friji, na wakati wa chakula akalisifu.

"Nani katengeneza boga zuri namna hii?"

"Siyo langu," Jolene alisema.

Marehemu aliweka uma chini. "Jina lako si hili hapa? Lisome."

"Langu lilikuwa na macho mdomoni."

"Boga lenye macho mdomoni haliwezi kutundikwa. Baba yako amekusifu. Mwambie asante."

"Siyo langu, Mama."

"Utakaa hapo mpaka useme."

Alikaa. Baba yake alikaa naye, akimpapasa magoti chini ya meza na kumnong'oneza, "Sema tu, kipenzi, yaishe." Alisema. Boga lilikaa kwenye friji mpaka sikukuu ya bata mzinga, mwishoni mwa Novemba, na kila mgeni aliyekuja alilisifu, na kila mara binti aliangaliwa na mama yake mpaka atoe asante. Katika bahasha, aya ya nne, Marehemu ameandika, "Watoto walimpenda." Binti yake ameibandua sentensi hiyo. Watoto walimwogopa, wakakua, wakamletea watoto wao awafundishe, na woga huo ndio mnaouita kumbukumbu nzuri.

Ugonjwa ulimpata tarehe 12 Februari 2018, akiwa anaondoa theluji mlangoni kwa sababu jirani aliyemwondolea aliacha ukingo uliopinda. Kiharusi kilichukua upande wote wa kulia, mkono ule wa mkasi, na karibu maneno yote. Alibaki na "ndiyo," na "hapana," na maneno machache mengine yaliyokuja yakitaka, hayakuja yakiitwa. Alihamia kwenye makao ya wazee yaliyo barabara ya machimbo. Curtis alipiga simu kutoka Arizona kila Jumapili. Jolene alikwenda kila siku, alimlisha, alimnawisha, alimkata kucha, na watu wa makao walimwambia kwamba hawajaona binti wa namna hiyo. Walikuwa sahihi kuliko walivyojua.

Msimamizi wa shughuli za wazee pale ni Rhonda. Mnaomfahamu mnajua ana moyo gani. Ni mtu anayemsalimia mzee aliyelala usingizi. Jumanne ya tarehe 29 Oktoba mwaka huu aliwakusanya wazee tisa kwenye chumba cha kulia watengeneze popo wa kutundika milangoni, kwa sababu Alhamisi watoto wa Vidole Vidogo wangekuja na mavazi yao ya kutisha kuomba pipi. Vibomba vilikuwepo, na rangi, na macho ya plastiki yanayochezacheza. Rhonda alikuwa ametayarisha mabawa yaliyokwisha kukatwa kwa ajili ya Marehemu. Marehemu aliyasukuma yakaanguka sakafuni.

"Nikukatie mwenyewe hapa, Mwalimu?" Rhonda alimuuliza.

"Hapana."

"Basi unataka nini?"

Akaonyesha mkasi. Ulikuwa ule wa watoto, wenye ncha butu. Akaushika kwa mkono wa kushoto, ambao maisha yake yote haukuwahi kukata chochote, akabana karatasi chini ya ule mkono uliokufa, akaanza. Wazee wengine walimaliza, wakapelekwa vyumbani, meza zikafutwa. Yeye alikata. Ilimchukua saa moja na dakika arobaini. Rhonda anasema ulimi ulikuwa nje, pembeni ya mdomo, kama walivyokuwa wao darasani. Popo wake alitoka na mabawa mawili upande mmoja, jicho moja tumboni, sikio moja limekunjwa na jingine limepondeka, na meno yako mgongoni. Alimtazama sana. Kisha akamwinulia Rhonda, akasema neno ambalo hakuwa amelisema tangu augue: "Mlangoni."

"Ndiyo, Mwalimu," Rhonda akasema. "Huyu anakwenda mlangoni." Akamweka kwenye meza ya kitanda chake akauke, akaenda kutafuta utepe wa gundi.

Jolene aliingia saa tisa. Alimkuta mama yake ameketi kwenye kiti cha magurudumu, ana rangi nyeusi kidevuni, na mbele yake popo yule. Marehemu alionyesha popo, akaonyesha mlango. "Mlangoni," alisema, na akatabasamu kwa ule upande wa uso uliobaki. Ilikuwa wazi anachoomba. Katika maisha yake yote aliomba vitu vichache sana, na hicho kilikuwa kimoja.

"Mama," binti yake akasema, "hii haiwezi kutundikwa."

Jolene angependa kuwaambia kwamba maneno yalimtoka bila kukusudia. Hayakumtoka. Alikuwa ameyabeba maneno hayo miaka arobaini na tisa, na alipomwona mama yake anatabasamu aliona mahali pa kuyaweka. Alimchukua popo kwa vidole viwili. Akakanyaga kikanyagio cha pipa la taka lililo pembeni ya kitanda, kifuniko kikafunguka, akasubiri mpaka Marehemu atazame, akamwachia. Kisha akavuta kiti, akachukua kibomba kingine, akatengeneza popo. Dakika kumi. Masikio mawili juu, mabawa kulia na kushoto, macho sawasawa, meno chini ya macho. Akaandika juu yake kwa mwandiko mzuri, Verna Mae, akamtundika mlangoni. Marehemu alitazama pipa.

Rhonda alirudi na utepe, akasimama mlangoni.

"Jolene, yule mwingine yuko wapi?"

"Ameharibika."

"Alikuwa ameharibika hivyo hivyo anavyotakiwa."

"Nimeshatengeneza mwingine."

"Naona," Rhonda alisema, na akaenda zake.

Alhamisi asubuhi watoto walikuja, kumi na tisa, na mwalimu wao kijana. Jolene alikuwa chumbani. Kwa nini alikwenda asubuhi, ilhali siku zote huwa anakwenda mchana, kila mmoja wenu anaweza kujibu. Mtoto mmoja wa kike, aliyevaa kama nyuki, alisimama mlangoni na mfuko wake wa pipi akamtazama popo mdomo wazi.

"Bibi, huyu umemtengeneza wewe?"

"Siyo wangu," Marehemu akasema. Maneno yalitoka safi kabisa.

Yule mwalimu akacheka, bila ubaya wowote. "Aa, Bibi! Jina lako si hili hapa? Watoto, tumwambie Bibi popo wake ni mzuri."

"Popo wako ni mzuri, Bibi!" wakaitikia wote kumi na tisa.

Marehemu aligeuza kichwa akamtafuta binti yake. Na Jolene alifurahi. Haitasomwa hapa kwamba alijuta pale pale, maana hakujuta. Alifurahi kwa muda wa dakika nzima, furaha tamu kuliko harusi yake, na alimwinamia mama yake sikioni akamwambia, "Sema asante, Mama." Marehemu alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Alikuwa anamtazama kama mtoto anavyomtazama mtu mzima aliyechukua kitu chake, akijua hakitarudi, bila kujua ni kwa nini. Jolene aliujua uso ule. Aliuvaa mwenyewe mezani, mwaka 1970, na hakuwahi kufikiri kwamba mama yake anao.

Akakimbilia pipa. Lilikuwa na mfuko mpya, mweupe, mtupu. Akatoka kumtafuta Rhonda koridoni, watoto wakimpisha.

"Taka za Jumanne ziko wapi?"

"Lori lilipita jana," Rhonda alisema.

"Nyuma hakuna kilichobaki? Hata pipa kubwa?"

"Lori lilipita jana, Jolene." Rhonda alikuwa ameshika bakuli la pipi na hakuliweka chini. "Mimi ningemtundika. Hata angekuwa na miguu kumi na mmoja ningemtundika."

Jolene alirudi chumbani akaahidi kwamba watatengeneza mwingine, wao wawili, kesho, kwa mkasi ule ule butu. Kesho yake, Ijumaa, alileta vibomba vitatu. Marehemu hakugusa. Alifumba macho kila binti yake alipoingia, akayafumbua alipoingia Rhonda. Kiharusi cha pili kilimpata Jumamosi, tarehe 2 Novemba 2019, saa nne na robo asubuhi, na kabla daktari hajafika alikuwa amekwenda. Alikuwa na umri wa miaka themanini, miezi saba na siku ishirini na nne. "Siyo wangu" yalikuwa maneno yake ya mwisho hapa duniani.

Jumatatu nyumba ya mazishi iliomba kitu cha kuweka kwenye jalada la ratiba. Curtis, aliyekuwa ametua tu, alipiga picha popo wa mlangoni. Mnamwona hapo mlipo. Chini yake wameandika, "Kazi ya mwisho ya mikono ya Marehemu." Wengi mmeshamsifu pale mlangoni mlipoingia. Mama mdogo Arlene alimbusu. Ratiba zilikwenda kuchapwa Jumanne na binti yake hakusema neno, kwa hiyo anasema leo. Si kazi yake. Kazi yake ya mwisho ilikuwa mbaya kabisa, ilimchukua saa moja na dakika arobaini, ilikuwa ya kwanza aliyowahi kuitengeneza bila kidoa cha penseli, na iko chini ya taka za kaunti nzima.

Jana mchana, kabla ya kuandika haya, Jolene alikaa mezani akitaka kumtengeneza popo kama yule, angalau awekwe ndani ya jeneza. Aliyakumbuka mabawa upande mmoja, jicho tumboni, meno mgongoni. Alikata kwa mkono wa kushoto. Alitengeneza sita. Kila mmoja, alipombandika jicho tumboni, vidole vyenyewe vililisogeza mpaka likae katikati, na bawa likajinyoosha. Wako sita mezani sasa hivi, wote wazuri, wote wanaweza kutundikwa. Jeneza limefungwa bila kitu.

Marehemu ameacha mdogo wake, Arlene Wenger. Mwana, Curtis, na mkewe Paulette, wa Arizona. Binti, Jolene, wa hapa Nettle Fork. Na wajukuu wawili, Tessa na Wade, ambao mama yao Jolene aliwakatia mabawa yao yote walipokuwa wadogo, na anawaomba radhi mbele ya mashahidi. Ameacha pia wanafunzi mia nane na kumi na moja. Mnaombwa, mkifika nyumbani, mtazame kama kuna chochote chenu ambacho kilikuwa chenu kweli.

Mama, nenda ukalale. Bwana akupe amani, na huko akuache na popo wako alivyo, asimguse bawa hata moja.